Barua ya wazi kuhusu shimo la changarawe na udongo mweusi uliobaki pembeni

Kwa: Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, Meneja anayesimamia barabara, Afisa Madini Mkazi, na Afisa Mazingira wa Wilaya.

YAH: KUREJESHA MALISHO KATIKA SHIMO LA CHANGARAWE LILILOACHWA, NA MASHARTI YA SHIMO JIPYA

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mfugaji, na kwa miaka sita sasa ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu, kilichoko katika nyika ya Wamasai kaskazini mwa Tanzania. Ninawaandikia hadharani kwa sababu barua mbili tulizozipitisha kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata hazijapata jibu, na kwa sababu muda unatukimbia. Wiki tatu zilizopita vijana wa upimaji walifika wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu ndani ya alalili yetu, yaani lile eneo la malisho tunalolifunga wakati wa mvua ili kiangazi kikikaza, ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wanaonyonyesha wapate mahali pa kula bila kutembea mwendo mrefu. Tulipouliza tuliambiwa kwamba barabara itamwagwa changarawe upya baada ya masika, na kwamba hapo ndipo changarawe itakapotoka.

Naomba nieleweke mapema kwamba hatuipingi barabara. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito kwenye kituo cha afya na ndiyo inayofikisha mbuzi wetu mnadani. Tunajua pia kwamba barabara ya changarawe haiishi kudai: magari huisaga ikawa vumbi, mvua huibeba, na kila baada ya miaka michache lazima imwagiwe tena, kwa hiyo hapana budi pachimbwe mahali fulani. Tunachoomba ni kwamba panapochimbwa parudi kuwa malisho, na kwamba kazi ya kuparudisha ianze siku ile ile katapila linaposhushwa kwenye trela, isingojee siku ya mkandarasi kufunga mizigo. Yote nitakayoyasema yanatoka kwenye jambo hilo moja, na nimejifunza kwenye shimo ambalo tayari tunalo.

Shimo hilo lilichimbwa miaka 11 iliyopita. Nimelipima kwa miguu: urefu wake ni hatua 160 na upana hatua 90. Ukingo wa kaskazini umesimama wima kama ukuta, kina cha mtu mzima na nusu, na upande wa kusini, ambako matipa yalikuwa yakiingilia, umeshuka polepole mpaka unakutana na nyika. Sakafu yake imeshindiliwa na magurudumu kiasi kwamba jembe likipigwa linarudi juu na kumtetemesha mtu mikono mpaka mabegani. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Hutandaa sakafuni, hugeuka tope, na kwa wiki kadhaa huwa madimbwi ya kina kifupi yaliyo wazi kwa jua, ambayo ndiyo hasa mbu waenezao malaria hupenda kutagia. Mwaka juzi mtoto wa miaka saba alitolewa kwenye dimbwi la upande wa kaskazini akiwa hai, kwa kuwa tu mama mmoja alikuwa jirani akifua. Mtamba wa jirani yangu hakuwa na bahati hiyo. Alidondoka usiku kutoka kwenye ule ukingo wa wima akavunjika mguu, na asubuhi ilibidi achinjwe.

Kilichoota humo kwa wingi ni gugu karoti. Gugu hili lilianza kuonekana mkoani Arusha yapata mwaka 2010, na kila anayesafiri anaweza kuona njia linayopita, kwa maana limejipanga kandokando ya barabara, penye udongo uliovurugwa, na penye changarawe iliyohamishwa. Mbegu zake ni ndogo sana na husafiri kwenye matairi na kwenye tope la mitambo. Ng'ombe akilila maziwa hubadilika ladha, na watu wanaoling'oa kwa mikono mitupu huwashwa ngozi. Shimo lililoachwa wazi limekuwa kitalu chake, na kutoka hapo linaingia kwenye malisho mazima. Nayasema haya kwa sababu kuna wanaodhani kwamba shimo likiachwa tu, baada ya muda nyika yenyewe italifunika. Imekuwa miaka 11. Sehemu kubwa ya sakafu ile bado ni jiwe na vumbi.

Sasa nawaomba mtazame kitu kimoja ambacho mtu akipita kwa gari hawezi kukiona. Upande wa mashariki wa shimo kuna fungu la udongo mweusi, refu kidogo kuliko kimo changu. Huo ndio udongo wa juu ambao buldoza liliusukuma pembeni siku ya kwanza ili kuifikia changarawe, na ambao hakuna aliyeurudisha. Juu ya fungu hilo kuna nyasi. Kuna ukoka uliotambaa mpaka chini, kuna nyasi zenye mashuke kama mkia wa mbweha ambazo wataalamu huziita Cenchrus ciliaris, na masika yakiwa mazuri hufika magotini. Hakuna aliyezipanda. Hatua 5 tu kutoka hapo, kwenye sakafu ya shimo, hakuna kitu. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile, na mifugo inayopita ni ile ile. Tofauti yake ni udongo huo, pamoja na mbegu, mizizi, kuvu na wadudu waliokuwemo ndani yake tangu kabla ya katapila kufika.

Katika nyika yetu udongo huo wa juu ni mwembamba. Mahali pengi haufiki hata urefu wa rula ya mwanafunzi, na mbegu nyingi za nyasi ziko kwenye sentimita chache za mwanzo. Chini yake ni changarawe na mwamba, ambavyo vina faida kubwa barabarani lakini haviwezi kumlisha ng'ombe. Mwendesha mtambo anaweza kuuondoa udongo huo asubuhi moja. Akiuchanganya na kifusi kibovu cha chini, au akiumwaga juu ya njia ya matipa ukashindiliwa, basi amepoteza kitu ambacho fedha za mradi haziwezi kukinunua tena, kwa sababu hakiuzwi popote.

Vuli ya mwaka juzi tulijaribu wenyewe. Kina mama wa kikundi chetu pamoja na vijana wachache walichagua kona moja ya shimo, hatua 20 kwa 10, wakaipasua sakafu kwa sururu kwa siku tisa, wakachimba makinga maji ya nusu mwezi, yale yale ambayo wenzetu wa Dodoma na wa Kajiado, Kenya, wanayatumia kufufua malisho yaliyokufa, mdomo wa kila kimoja ukielekea kule maji yanakotoka. Kisha wakabeba udongo kutoka kwenye lile fungu kwa toroli mbili na ndoo, wakautandaza, wakaongeza samadi kutoka kwenye boma lililohamwa. Mbegu walizipata kwenye alalili: walipukusa mashuke yaliyokomaa kwa mikono, wakazianika, wakazihifadhi kwenye viroba, na wakazimwaga wiki moja kabla ya mvua. Mwisho wakazungushia miiba. Vuli ile iliota mimea michache tu, na wapo waliotucheka. Masika yaliyofuata, yale ya mwaka jana, kona ile ilikuwa kijani, nasi tulikata nyasi humo tukawapelekea ndama. Nilisimama pale siku moja saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, nikamwona nyenje anaruka kutoka shina moja kwenda jingine, mahali ambapo kwa miaka tisa hapakuwa na kitu cha kumficha hata sisimizi. Sikutegemea kwamba mdudu mmoja angenifurahisha kiasi kile.

Watu waliofanya kazi ile walikuwa na sururu na toroli. Mkandarasi ana katapila, greda na matipa, na mitambo hiyo iko hapo hapo shimoni, imeshalipiwa. Kazi iliyowachukua kina mama siku tisa, buldoza lenye meno ya nyuma lingeifanya kabla ya chai ya saa nne.

Kwa shimo jipya, kama hapana budi lichimbwe, tunaomba yafanyike kwa mpangilio huu. Kabla ya kugusa changarawe, udongo wa juu ukwanguliwe peke yake na uwekwe mahali palipotengwa, mbali na njia ya magari na mbali na mkondo wa maji, katika mafungu yasiyozidi kimo cha mita 2, kwa kuwa ukirundikwa juu sana na kwa muda mrefu, uhai ulio ndani yake hufa kwa kukosa hewa. Kifusi kisichofaa kwa barabara kiwekwe fungu lake la pili. Uchimbaji uende kwa vipande, ili kipande kikiisha kianze kurejeshwa wakati kingine kinachimbwa, badala ya kuacha shimo zima wazi mpaka mwisho. Kingo zilazwe mpaka ziwe na mteremko ambao ng'ombe anaweza kuupanda na kuushuka bila kuteleza, yaani kwa kila mita 1 ya kina kuwe na walau mita 3 za ulalo. Sakafu ipasuliwe kwa meno ya katapila, nusu mita kwenda chini au zaidi, kwa kukata mteremko na si kuufuata, ili kila mfereji ushike maji badala ya kuyakimbiza. Kisha kifusi kirudi kwanza, udongo wa juu urudi juu yake, na baada ya hapo mtambo usikanyage tena. Mitambo ioshwe kabla ya kuingia, kwa sababu ya gugu karoti nililolitaja.

Mbegu tutazitoa sisi. Samadi pia tunayo, na hapa naomba nitoe neno la mfugaji. Kila anayechunga anajua kwamba nyasi tamu kuliko zote huota penye boma la zamani, na hubaki hivyo kwa miaka mingi baada ya watu kuhama. Huko Laikipia, Kenya, wafugaji na watafiti wamekuwa wakitumia maboma ya kuhamishika kwa makusudi, ng'ombe wakilazwa juu ya ardhi iliyo tupu kwa siku kadhaa kisha wakasogezwa, na pale walipolala nyasi zikarudi. Tuko tayari kulaza ng'ombe wetu ndani ya shimo la zamani kwa zamu, kipande baada ya kipande, endapo mtatusaidia kulaza ule ukingo wa kaskazini ili wasivunjike miguu. Hilo halina gharama kwa halmashauri zaidi ya mafuta ya buldoza kwa siku chache.

Wapo watakaosema kwamba ardhi iliyochimbwa haiwezi kurudi. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, yalikuwa mwamba mtupu wa matumbawe, wenye joto na chumvi, hadi mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kujaribu miti mbalimbali na kuona kwamba mvinje unaweza kusimama. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo, ambao waliyala na kuyageuza udongo; na kutokana na udongo huo eneo zima likawa msitu wenye wanyama, ambao watu wa mataifa mengi huenda kuutazama. Ikiwa mwamba wa matumbawe uliweza kupata udongo kwa kazi ya majongoo, shimo letu ambalo udongo wake bado uko pembeni halina sababu ya kubaki hivi.

Hata hivyo naomba mfano huo usieleweke vibaya, kwa kuwa hapa ndipo nimeona makosa yakirudiwa kwa nia njema. Shimo letu liliwahi kufanyiwa sherehe ya kufungwa. Ilipandwa miche ya miti mia kadhaa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Kufikia kiangazi cha kwanza ilikuwa imekauka yote isipokuwa mwarobaini mmoja karibu na lango, ambao bado upo. Bamburi ni pwani, ina mvua yake na maji yake karibu. Kwetu ni nyika, na nyika si msitu uliokatwa. Hapa uhai mwingi uko chini, kwenye mizizi ya nyasi inayoshika udongo na kuhifadhi rutuba, na mti unakuja mmoja mmoja kwa wakati wake. Ripoti ya kufunga shimo ikihesabu miche iliyopandwa, itakuwa imehesabu kitu ambacho hatukukipoteza. Tulichopoteza ni nyasi, nasi tunaomba nyasi ndizo zipimwe: ni sehemu gani ya ardhi imefunikwa, na kwa nyasi zipi, mwisho wa masika ya pili.

Najua pia kwamba baadhi ya wenzangu kijijini wanataka shimo libaki kama lambo, na siwalaumu, maana katika ukame wa 2009 niliona kwa macho yangu mizoga imelala kutoka kisimani mpaka barabarani. Lakini lambo hujengwa. Linahitaji kina, uso mdogo usioachia jua kunywa maji yote, sakafu ya mfinyanzi, na njia ya mifugo kuingilia. Shimo letu ni pana na lina kina kifupi, na maji yake huisha kabla kiangazi hakijafika katikati, wakati ambapo ndipo yanahitajika. Kama halmashauri inaona lambo linafaa, basi lijengwe kwa ramani yake na kwa fedha zake. Neno hilo lisitumike kama jina zuri la shimo lililotelekezwa.

Kuhusu fedha na sheria nitasema machache, kwa sababu ninyi mnayajua kuliko mimi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo iliyoanzisha kamati kama yetu, na sheria hiyo hiyo inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira yaliyoharibiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, kwa niaba ya wanakijiji wote. Tatizo tulilokutana nalo halikuwa ukosefu wa sheria. Katika mkataba wa shimo la kwanza, ambao tulionyeshwa baada ya kuomba sana, urejeshaji ulikuwa sentensi moja bila bei yake, umefichwa ndani ya gharama ya kuchimba na kusafirisha changarawe, na kazi isiyo na bei yake hakuna anayeidai wala anayeikagua. Tunaomba safari hii urejeshaji uwe na mstari wake na bei yake kwenye orodha ya kazi, kwa hatua: kukwangua na kutunza udongo, kulaza kingo, kupasua sakafu, kurudisha udongo, kupanda. Tunaomba pia kwamba fedha ya hatua ya mwisho isilipwe kwa sababu tu kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kimekwisha. Kipindi hicho aghalabu ni mwaka mmoja, nacho huenda kinatosha kuona kama kalvati limepasuka, ila nyasi za nyika haziwezi kuhukumiwa kwa mvua moja. Zipewe masika mawili.

Katika masika hayo mawili sisi tutafanya sehemu yetu. Tutalifunga eneo, tutalilinda, na atakayeingiza mifugo kabla ya wakati atatozwa faini kwa sheria ndogo za kijiji, nikiwemo mimi. Hatuanzi jambo geni. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili zao, malisho yaliyofungwa kama alalili yetu, na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 na kuipa mila hiyo nguvu badala ya kuipuuza, mkoa uliokuwa ukiitwa jangwa ulirudisha uoto kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Nchi yetu pia imeahidi, katika mpango wa Afrika wa kurejesha ardhi, kurudisha hekta milioni 5.2 ifikapo mwaka 2030. Hekta chache za kwetu zinaweza kuhesabiwa humo, na udongo wake tayari uko kando ya shimo.

Tunaomba basi mambo matatu, na tunayaomba kabla ya masika kwisha. Kwanza, vigingi viondolewe ndani ya alalili mpaka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe na upewe nafasi ya kuonyesha mahali pengine penye changarawe. Zipo sehemu mbili za mwinuko wa mawe, upande wa magharibi, ambazo hata mbuzi hazimvutii. Pili, popote patakapochimbwa, mkataba uandikwe kwa masharti niliyoyaeleza, na nakala yake ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Tatu, mitambo itakayoletwa kwa kazi hiyo ipitie kwanza kwenye shimo la zamani, ilaze ule ukingo, ipasue sakafu, na irudishe lile fungu la udongo mweusi kabla mvua nyingine hazijaendelea kuuteremsha korongoni, kwa sababu kila mwaka linapungua. Lilikuwa limenizidi kimo kwa mikono miwili nilipolipima mara ya kwanza.

Kamati yetu hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mkija siku hiyo, au siku yoyote mtakayotuarifu, tutawangojea upande wa mashariki wa shimo, penye udongo huo, na kina mama watawaonyesha kona yao na viroba vya mbegu walivyokwisha kukusanya kwa ajili ya sehemu iliyobaki.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa Kamati ya Mazingira ya Kijiji